Usiku wa Saa Nane Mchana

Katika chumba namba tatu usiku unaingia saa nane mchana. Nje jua linawaka, wanaofagia uwanja wanajifuta jasho, na mimi humu ndani taa zinazimika zenyewe juu ya kichwa changu, moja baada ya nyingine, mpaka sivioni hata vidole vyangu. Usiku huo unakwisha alfajiri, watu wengine wakiwa bado usingizini. Daktari, mkuu wa kituo hiki cha utafiti wa bahari, ndiye aliyeupindua makusudi, ili apate kuwachunguza wadogo wakiwa wamelala bila yeye mwenyewe kukesha. Siku za kwanza mwili wangu ulikataa katakata. Ikifika saa tisa napiga miayo kama mtoto mchanga. Baadaye nikazoea, mpaka nikitoka jioni na kukuta bado kuna mwanga nje, naona kama ndiyo kwanza nimeamka.

Wadogo ni planktoni, viumbe wa baharini wanaoelea majini. Sisi tunaofanya kazi hapa tunawaita wadogo kwa sababu hakuna jina lingine linalowafaa. Ukichota kijiko kimoja cha maji yao umechota maelfu, na huoni hata mmoja. Unachoona ni maji yenye rangi ya chai nyepesi. Lakini Daktari alinionyesha kwenye hadubini tangu mwaka wangu wa kwanza, na siku hiyo nilirudi nyumbani sina hamu hata ya kula. Nilikuwa nimeosha nyumba zao mwezi mzima nikidhani naosha chupa za maji machafu.

Kazi yao ni kula ile hewa ya moshi inayoipasha dunia joto. Wanaila, wanakua, samaki wanawala, na wanaobaki wakifa wanazama nayo chini kabisa kusikofika mtu. Sasa bahari yenyewe imepata joto na wao wanapungua. Hawa wa chumba namba tatu walichotwa miaka tisa iliyopita kwenye ghuba moja ambayo leo, ukichota maji yake, Daktari anasema unapata maji matupu. Kwa hiyo ukoo wa ghuba umebaki humu, katika chupa sita, na mimi ndiye mlezi wao.

Nilianza kama mwosha chupa. Chupa zao haziguswi na sabuni, hata harufu yake. Ni maji ya moto na mkono tu, mara saba. Halafu mashine ya kuwatikisa ikaharibika. Wadogo wasipotikiswa wanajilundika chini na kunyimana pumzi. Tukaambiwa kifaa kinaagizwa. Nadhani mpaka leo bado kinaagizwa. Fundi wetu wa mitambo akajaribu kutikisa kwa mkono, akatikisa kama anachanganya saruji, wakafa chupa mbili. Kibarua mmoja akajaribu, akawa anasinzia. Mimi nikashika chupa, nikaizungusha taratibu kama unavyomtuliza mtoto aliyeshtuka, na Daktari akasema, "Mama, hiyo hiyo. Usibadilishe kitu." Tangu siku hiyo kila dakika kumi nazungusha chupa sita, kuanzia saa nane mpaka saa kumi na mbili jioni, gizani, kwa kupapasa. Saa zinazobaki wanavumilia bila kutikiswa, mpaka alfajiri Daktari mwenyewe anaposhika zamu.

"Bi mkubwa," Fundi huwa ananiuliza akipita, "umewalaza wanao?"

"Nimewalaza. Na wewe usije ukawaamsha na hizo buti zako."

"Mimi buti. Wewe je, unavyokoroma humo?"

Huyo Fundi ana mvi kidevuni na wajukuu wawili, lakini mdomo wake haujawahi kukua.

Mimi nina mjukuu mmoja. Alipata homa akiwa na miezi minane, homa ikaondoka na masikio yake. Mama yake, binti yangu, alikuwa kazini mchana kutwa, kwa hiyo tulibaki wawili ndani ya nyumba, mimi na yeye, na ilibidi tutafute namna. Hakuna aliyetufundisha. Nikitaka kumwambia maji yamechemka napuliza vidole. Yeye akitaka kuniita anajishika chini ya kidevu kama anayefunga kitambaa, maana ndivyo ninavyofunga changu. Jina lake mimi nalisema kwa kubonyeza shavu, palipo na kishimo anapocheka. Wadogo tuliwasema kwa kusugua ncha za vidole kama mtu anayenyunyiza chumvi. Tulikuwa na alama za kila kitu: mvua, uvivu, jirani mwenye kelele, nguo isiyokauka, ugomvi wa kujifanya na ugomvi wa kweli. Watu wakija nyumbani wanatukuta tumekaa kimya, wanatuonea huruma, kumbe sisi tunawasema.

Mwaka jana binti yangu akapata kazi mbali sana, kwenye nchi yenye shule nzuri ya watoto viziwi. Sikuwa na neno la kumzuia. Ningemzuia kwa lipi, wakati mtoto ana miaka tisa na hajawahi kukaa na mwenzake hata mmoja anayezungumza kwa mikono? Wakaondoka. Nyumba ikawa na sauti ambazo sikuwa nazijua: jokofu, bomba linalodondosha, saa ya ukutani. Kumbe saa ile ilikuwa inapiga kelele miaka yote.

Tukakubaliana tuwe tunaonana kwenye simu. Kwao asubuhi ni kwetu jioni. Mtoto anakuwa ameshavaa sare, anasubiri basi la shule. Huku kwangu inakuwa saa kumi na moja. Wakati mwingine wowote ama yeye yuko shuleni, ama mama yake ameondoka na simu. Na nyumbani kwangu mtandao ni wa kuhurumiwa tu. Picha inaganda, mkono wa mtoto unabaki hewani kama wa sanamu. Kwa mtu anayesikia hiyo ni adha ndogo, sauti inaendelea. Kwetu sisi, mkono ukiganda mazungumzo yamekufa.

Kisanduku cha mtandao wa kituo kimefungwa ukutani ndani ya chumba namba tatu. Humo picha haigandi. Hatua mbili nje ya mlango, kuta ni nene, hupati kitu.

Basi saa kumi na moja simu inatetemeka mfukoni, nami nawasha kibalbu cha juu ya sinki. Mikono bila mwanga inasema nini? Nakaa chini ya balbu, naegemeza simu kwenye bomba, na kwa dakika kumi na tano nakuwa mtu mwenye mtu. Kila siku ananifundisha alama moja ya huko, mimi namkumbusha moja ya kwetu. Ndiyo ilikuwa desturi yetu, yake moja na yangu moja, asinipite wala mimi nisimpoteze. Halafu anajishika kidevu, anapunga, basi limefika. Nami nazima balbu.

Niliambiwa chumba kiwe giza, ndiyo. Sikatai. Lakini nilijua giza kama ninavyojua usingizi wa mtoto: ukifungua mlango kidogo, ukachungulia, ukafunga, anageuka upande wa pili na kuendelea kulala. Hivyo ndivyo nilivyofikiri. Na ni kibalbu tu, cha juu ya sinki.

*

Mwaka huu ikaja habari ya meli. Wadogo hawarudishwi baharini wakiwa kwenye maji tu, wataliwa na kutawanyika siku ile ile. Wanarudishwa wakiwa mbegu. Usiku ukiwa mrefu na maji yakipoa, wao wenyewe wanajua majira mabaya yanakuja, wanajikunja, wanajifunga ganda gumu na kuzama kulala kwenye tope. Majira yakigeuka wanapasua ganda na kupanda juu. Kazi yetu ilikuwa kuwadanganya humu ndani kwamba majira yamekuja, wajikunje, tukusanye mbegu, meli izipeleke zikamwagwe kwenye tope la ghuba yao.

Chumba namba moja wakajikunja. Namba mbili wakajikunja. Hao walikuwa koo za kutoka kwingine, lakini walijikunja vizuri, tope la kahawia chini ya kila chupa. Wangu, hakuna. Miezi ikapita. Daktari akabadilisha maji, akabadilisha chumvi, akapunguza joto mpaka nikawa naingia na sweta. Hakuna.

Jumatatu moja asubuhi alituita sote kwenye meza ya chumba cha kuoshea. Sote maana yake Fundi, mimi, na yeye mwenyewe. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuamua.

"Chumba namba tatu tunakifunga Ijumaa," akasema. "Ukoo wa ghuba umechoka. Miaka tisa kwenye chupa ni mingi, wamesahau namna ya kulala. Tutawachemsha, chumba tukitumie kwa hawa wanaozaa mbegu. Meli inaondoka baada ya siku ishirini na nane."

"Wote sita?" nikauliza.

"Wote sita, Mama. Najua ulivyowalea. Samahani."

Fundi akasema, "Labda kuna kitu kinawasumbua. Joto? Kelele za pampu?"

"Nimeangalia kila kitu." Daktari akawa anahesabu kwa vidole, kama anayejitetea kwa mtu asiyekuwepo. "Joto liko sawa. Chumvi sawa. Chakula sawa. Kingeweza kuwa mwanga, maana hawa wanapima urefu wa usiku. Usiku wao ukikatwa katikati, hata kwa dakika kumi, hata kwa taa ndogo, wanauhesabu kama usiku mfupi mara mbili. Wanadhani ni majira mazuri, hawajikunji. Lakini giza la namba tatu ndilo giza safi kuliko yote, yupo Mama humo."

Akanitazama kwa kunishukuru.

 Fundi akasema kitu, sikukisikia. Nilikuwa nawaona wadogo, maelfu kwa maelfu katika chupa sita, kila jioni wanaanza kuuamini usiku, na kila jioni saa kumi na moja bibi mmoja anawawashia asubuhi.

Siku hiyo simu ilipotetemeka niliiacha mfukoni. Ilitetemeka mara ya pili, na ya tatu. Niliibana kwa kiganja juu ya kanga ili hata mwanga wake usitoke. Ilipotulia nikajua basi limefika.

Jumanne vivyo hivyo. Jumatano na Alhamisi vivyo hivyo. Nilikuwa najidanganya kwamba wakipata usiku mzima hata siku nne watajikunja, Ijumaa Daktari atakuta tope la kahawia, na hakuna atakayejua. Asubuhi taa zikiwaka nainamia chupa moja moja, natafuta. Maji safi yenye rangi ya chai, chini kioo kitupu.

Kusema nilitaka, nisidanganye. Lakini nilijua mtu wa umri wangu akikosea anaambiwa nini. Haambiwi amekosea. Anaambiwa kwa upole kwamba sasa apumzike. Na mimi kupumzika kwangu ni kwenda kukaa na jokofu na bomba na ile saa.

*

Ijumaa saa tano asubuhi Daktari aliingia na kitoroli, Fundi nyuma yake amebeba sufuria kubwa la kuchemshia. Taa zilikuwa zimewaka. Daktari alikuwa amevaa glavu tayari.

"Usiwachemshe," nikasema.

"Mama, tulishazungumza."

"Hawajachoka. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi niliyekuwa nawaamsha."

Akabaki ameshika chupa ya kwanza. Nikamweleza, nikimwonyesha balbu, bomba ninapoegemeza simu, na pale ninapokaa. Sikulia. Nilieleza kama mtu anayeelekeza njia. Alipokwisha kusikia aliirudisha chupa kwenye rafu, polepole, akageuza ndoo akaikalia.

"Kila siku?"

"Kila siku ya shule."

"Dakika ngapi?"

"Kumi na tano. Ishirini akiwa na habari."

"Mwaka mzima." Alivua glavu moja. "Nimebadilisha maji. Nimebadilisha chumvi. Nimewaandikia watu wa mbali kwamba ukoo huu umezeeka. Na wewe ulikuwa hapa hapa."

"Nilikuwa hapa hapa."

"Daktari," Fundi akadakia, "kwani bibi wa watu alijua?"

"Wewe nyamaza. Mama, ulijua?"

"Nimejua Jumatatu, uliposema."

"Leo Ijumaa."

"Najua kuwa leo Ijumaa."

 Pampu ya chumba cha pili ilikuwa inakoroma. Fundi alikuwa bado amekumbatia sufuria, hajui alitue wapi.

"Mbona hukuniambia unahitaji mtandao?" Daktari akauliza, na sasa sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Fundi angekuvutia waya mpaka kwenye benchi la nje. Kazi ya nusu saa."

"Robo saa," Fundi akasema. "Nikiwa na ngazi."

"Sikujua kama ni kitu cha kuomba," nikamjibu. Nikaongeza, kwa kuwa nilishaanza: "Na wiki hii niliogopa utaniambia nikapumzike."

Daktari alivua glavu ya pili. Ni mtu mkweli, ndiyo maana nimekaa naye.

"Ningekuambia," akasema.

Akasimama, akaenda kwenye kalenda iliyobandikwa mlangoni, akaweka kidole, akahesabu. Wanahitaji usiku ishirini na mmoja mfululizo usiokatika. Zile nne za wiki hii hakuzihesabu, hakutaka kubahatisha; kuanzia siku ile, zikiisha hizo zinabaki siku tatu kabla ya meli. Tatu za kukusanya, kukausha, kufunga.

"Inawezekana," akasema, zaidi kwa kalenda kuliko kwangu. "Lakini mlango ukifungwa saa nane haufunguliwi mpaka saa kumi na mbili, ukumbi wa nje ukishaingia giza. Ukumbi huo una madirisha, jua la jioni linaingia moja kwa moja. Mapazia mazito nikiyaagiza leo yatafika tukiwa tumeshamaliza, kwa hiyo kila pembe nitaziba kwa utepe mweusi. Huyo anayeingia haingii na simu. Na lazima awe anayejua kuzungusha kwa kupapasa."

Wote wawili wakanitazama. Fundi akasema, "Mimi niko tayari, lakini mnajua mikono yangu."

"Tunaijua," Daktari akasema.

"Jumamosi na Jumapili je?" nikauliza.

"Wao hawajui Jumapili, Mama."

Nikafunga kitambaa changu vizuri. "Haya. Saa nane si mbali."

*

Kesho yake asubuhi kabla ya kutoka nilimpigia binti yangu kwa sauti tu, hiyo hata mtandao wa nyumbani unaiweza. Kwao ilikuwa jioni bado, alikuwa anatoka kazini, nasikia magari.

"Mama, umetutia wasiwasi! Mtoto siku tano anashika simu, wewe huonekani. Unaumwa?"

"Siumwi." Nikamweleza yote. 

"Kwa hiyo unachagua chupa."

"Sichagui chupa. Nimeharibu kitu cha watu, nakitengeneza."

"Mama, nakutania." Lakini hakuwa anatania. Akashusha pumzi. "Ni siku ishirini na moja tu. Mwambie asijali. Atazoea."

Nikajua amekosea hata alivyosema, maana ningemwambiaje? Kwa simu ya sauti mimi na mtoto hatuna lugha. "Mwambie wewe," nikasema. "Mwambie Bibi yuko gizani, akitoka atakuja. Alama ya giza ni kufunika macho kwa…"

"Mama, naijua alama ya giza. Wana ya kwao, nzuri tu."

Atazoea. Ndilo neno nililoingia nalo.

Watu wanasema viumbe wa baharini wanang'aa gizani. Wapo wanaong'aa. Wangu hawang'ai. Ukiwa nao gizani uko gizani. Nilikuwa napapasa shingo ya chupa ya kwanza, naihisi baridi, naizungusha mpaka maji yanaanza kuizunguka glasi yenyewe, naiacha, nahamia ya pili. Zikiisha sita nakaa kwenye ndoo. Dakika kumi za giza ni ndefu. Mwanzoni nilikuwa nazijaza kwa kuzungumza na mtoto kwa mikono, kwa mazoea. Nambonyezea shavu langu mwenyewe. Namwambia nguo hazijakauka. Namwambia Fundi leo kanywa chai yangu. Siku ya tisa hivi nilijaribu kumwambia kuhusu jirani mwenye kelele, na mkono ukasimama hewani. Nilikuwa nimeisahau alama. Niliitafuta chupa zote sita, raundi mbili. Iliporudi, nilishukuru kama mtu aliyeokota ufunguo, kisha nikawaza: duniani tulikuwa wawili tu tunaoijua hii. Kama mimi inanitoka, yeye huko aliko inamkaa?

Sikuwa na wa kumuuliza. Jioni Daktari ananifungulia, ananiuliza, "Hawajambo?" nami nasema, "Hawajambo." Fundi akawa ananiachia kiporo cha utani mlangoni, "Bi mkubwa, dunia bado ipo, usiwe na wasiwasi," halafu naenda nyumbani, napasha chakula, nakula nikiwa nimesimama. Binti yangu alituma ujumbe siku ya tano kwamba mtoto ananiulizia. Siku ya kumi akatuma mwingine kuhusu hali ya hewa. Baada ya hapo kazi ilimzidi.

Siku ya ishirini na mbili asubuhi taa zilipowaka tuliingia wote watatu.  Daktari aliinua chupa ya kwanza, akaiweka mbele ya mwanga, nikaona chini yake vumbi, kama unga uliobaki kwenye ungo. Ya pili nako lipo. Ya tatu hakuna. Ya nne lipo, ya tano hakuna, ya sita lipo kidogo. Alivuta tone kutoka ya kwanza, akaliweka chini ya hadubini, akainama. Mgongo wake ulikaa bila kutikisika kwa muda, halafu akanipisha.

Walikuwa wamejikunja. Vidonge vidogo vya kahawia, kila kimoja na ganda lake, vimelala ubavu kwa ubavu.

"Wamekumbuka," Fundi akasema nyuma yangu, naye bado hajaona.

"Hawakuwa wamesahau," Daktari akamjibu.

Mbegu za ghuba zilijaa kibweta kimoja kidogo, ukikiweka kiganjani unaweza kufunga vidole. Nilimuuliza Daktari kama zitaota. Akasema hajui. Nikamuuliza kama zikiota dunia itapoa. Akacheka kidogo, akasema dunia haitapoa kwa kibweta kile, wala kwa vibweta mia, lakini ile ghuba inaweza kuwa na uhai ndani yake, na hiyo ni kazi kamili kwa mtu mmoja. Meli ikaondoka. Mimi sikwenda bandarini, kulikuwa na chupa za kuosha, na chupa mbili zilizobakishwa za kuendelezea ukoo zilikuwa hazijatikiswa.

*

Fundi alivuta waya siku hiyo hiyo, kwa dakika kumi na mbili, akataka nimpigie makofi. Daktari akatundika mapazia mawili mazito mlangoni, moja ndani moja nje, na akanipa dakika ishirini kila jioni. Fundi anakaa humo kwa niaba yangu. Ana ruhusa ya kukaa, hana ruhusa ya kugusa.

Saa kumi na moja nilikuwa kwenye benchi, nimefunga kitambaa kipya, nimeegemeza simu kwenye kopo la maua. Nikapiga mimi.

Alitokea. Jino la pembeni lililokuwa limeng'oka lilikuwa limeota nusu. Nikabonyeza shavu. Akacheka, kishimo kikaonekana, na moyo wangu ukakaa mahali pake. Halafu akaanza kuzungumza.

Mikono ilikuwa inakwenda mbio. Nilidaka shule. Nilidaka rafiki, ile ya huko, aliwahi kunifundisha. Nilidaka maji, au mvua. Yaliyobaki yalinipita kama basi lisilosimama. Nikamwonyesha: polepole. Akarudia polepole, na uso wake ukawa ule ambao mimi nilikuwa namwekea yeye alipokuwa na miaka miwili, mdomo wazi, macho makubwa, kumsaidia asiyeelewa. Mwishoni mwa kila sentensi kulikuwa na alama moja, ile ile. Kidole gumba kifuani, kiganja kinageuka, vidole viwili vinapanda. Alikuwa ananiuliza kitu, nyusi zake zilikuwa zimepanda. Nikatikisa kichwa. Akarudia. Nikatikisa kichwa.

Akageuka nyuma kumtafuta mama yake amfasirie. Mama yake alikuwa ameshatoka nje kulitazamia basi.

Nikamsugulia vidole, ile ya kunyunyiza chumvi: wadogo. Nilitaka kumwambia wamelala. Aliitazama mikono yangu kwa heshima, kama mtu anavyomtazama mgeni, halafu akafanya alama nyingine kabisa, ya kwao, nadhani ya chumvi. Ya mezani.

Mwanga wa basi ukapita usoni pake. Akarudia lile swali mara ya mwisho, haraka, kidole gumba, kiganja, vidole viwili. Akapunga kwa mkono mzima, kama watoto wote wanavyopunga. Skrini ikawa nyeusi.

Nilikuwa na dakika kumi na moja zangu bado. Nikarudi ndani. Nikapita pazia la kwanza, nikasubiri, nikapita la pili.

"Mbona mapema?" Fundi akauliza kutoka gizani. "Umegombana na mtu?"

"Basi limewahi. Toka, buti."

"Anasemaje mjukuu?"

"Anauliza kitu."

"Kitu gani?"

"Kesho nitakuambia."

Alitoka akigongana na ndoo. Nikapapasa mpaka chupa ya kwanza, nikaishika shingo kwa mkono wa kushoto, nikaanza kuizungusha. Mkono wa kulia ulikuwa hauna kazi. Nikauweka kifuani. Kidole gumba hapa, kiganja kigeuke, vidole viwili vipande. Au kiganja kilianza? Nikarudia. Kama nitaweza kumrudishia kesho kama alivyonipa, hata bila kujua maana yake, atajua naulizia nini, na mama yake akiwepo ataniambia. Nikahamia chupa ya pili, kidole gumba, kiganja, vidole viwili, na humo hapakuwa na mtu wa kunionyesha kama ndivyo.